Katika Nyumba ya Baba Hakuna Mgeni



Kila Dominika tunakiri kwa sauti moja imani yetu katika Kanisa lililo moja na lililo katoliki, yaani Kanisa la watu wa mataifa yote. Maneno hayo tumeyazoea tangu utoto, hata pengine hatuyasikii tena tunapoyatamka. Napenda tuyatafakari leo kwa kuanzia na jambo lililonitokea mimi mwenyewe, nami nalisimulia kwa aibu.

Miaka michache iliyopita, katika parokia mojawapo ya magharibi mwa nchi yetu, nilisimamia uchaguzi wa viongozi wa Halmashauri ya Walei. Jina la katekista mmoja lilipendekezwa kwa nafasi ya mwenyekiti. Mtu huyo alikuwa amefundisha watoto Komunyo ya Kwanza kwa muda wa miaka karibu ishirini. Wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972, naye alizaliwa hapa hapa nchini. Mara mwamini mmoja akasimama akauliza, "Je, tumekosa mwenyeji?" Wengine wakacheka, wengine wakapiga makofi. Katekista akainuka, akaliondoa jina lake kwa upole, akaketi. Mimi padre wao nilinyamaza. Nilijidanganya kwamba nalinda amani ya mkutano.

Nilipomwendea baadaye kumwomba msamaha, aliniambia, "Padre, mimi sikuutafuta uenyekiti. Kilichoniumiza ni kwamba wanangu walikuwamo ndani." Dominika iliyofuata alikuwa mahali pake, chini ya mwembe, akiwafundisha watoto wetu Amri za Mungu.

UZALENDO NA MAJIVUNO

Tuelewane tangu mwanzo. Kupenda nchi yako si dhambi, ni wajibu. Bwana wetu mwenyewe aliulilia mji wa Yerusalemu (Lk 19:41). Sisi Watanzania tunayo mengi ya kumshukuru Mungu: lugha inayotuunganisha, desturi ya kuoana na kuishi pamoja bila kuulizana kabila, na historia ndefu ya kuwapokea wanaokimbia vita. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 tu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu kutoka Kongo, na baada ya mwaka 2015 ikawapokea Warundi wengi. Taifa letu liliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa mwaka 1972 waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nchi chache zimefanya hivyo.

Lakini zawadi ya Mungu ikigeuzwa kuwa kipimo cha kuwapimia wengine, hapo uzalendo umekwisha na majivuno yameanza. Ndipo tunapoanza kusema, "Sisi ni watu wa amani, wao ni watu wa damu." Sala ya namna hiyo tunaijua. Ni sala ya Farisayo aliyesimama hekaluni akimshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine (Lk 18:11). Hakusema uongo kuhusu saumu na zaka zake. Kosa lake lilikuwa kumtazama ndugu yake kutoka juu.

NANI ALITULETEA IMANI?

Yafaa tukumbuke mpaka huu tunaojivunia una umri gani. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa sehemu za koloni moja la Wajerumani. Ni mataifa ya Ulaya yaliyotugawa, na hata leo Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Basi jambo walilolichora wageni mezani, sisi tumelifanya sababu ya kudharauliana mbele ya altare.

Tutazame pia jinsi imani ilivyotufikia. Mwaka 1892, baada ya mapigano ya Buganda, Askofu Hirth na Wakatoliki Waganda walikimbilia upande wa Bukoba, na hapo ikaanzishwa Misioni ya Kashozi. Ndiyo kusema, Wakristo wa kwanza wa pale walikuwa wakimbizi. Kutoka eneo hilo hilo la Bukoba alitoka Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kufanywa Kardinali katika nyakati zetu. Kadhalika, Misioni ya Muyaga nchini Burundi ilianzishwa mwaka 1898 na wamisionari waliotoka Ushirombo, katika nchi yetu. Imani ilivuka mpaka huku na kule, na hakuna aliyeiuliza kibali.

Zaidi ya hayo, tumkumbuke Adriani Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto aliuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga kule Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa katekista na mganga. Alikaa hapo hadi kufa kwake mwaka 1956, akitibu wagonjwa na kufundisha dini. Hakuzaliwa Karema wala hakuwa na ukoo pale. Wazee wetu wangaliuliza, "Je, tumekosa mwenyeji?", nani angaliwatibu vidonda vyao, na nani angaliwafundisha watoto wao kusali?

KANISA HALIULIZI PASIPOTI

Wapo wanaodhani kwamba mwenye asili ya nchi nyingine ni mgeni katika parokia mpaka watakapomkubali. Mafundisho ya Kanisa si hayo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Kanisa (Lumen Gentium, namba 13), unatufundisha kwamba Taifa la Mungu ni moja katika mataifa yote ya dunia, nalo hupata raia wake kutoka kila kabila. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 208, inatamka kuwa waamini wote wana usawa wa kweli katika hadhi na katika utendaji, kwa sababu wamezaliwa upya katika Kristo. Chanzo cha usawa huo ni Ubatizo.

Na mtu huwaje mwanaparokia? Kanuni za 102 na 107 zinajibu: kwa kukaa. Aliyekaa katika parokia kwa nia ya kudumu, au aliyetimiza miaka mitano, ana makao pale. Na hata aliyekaa miezi mitatu ana makao ya muda, na paroko wa mahali hapo ni paroko wake. Kanuni hizo haziulizi baba yako alizaliwa wapi. Basi katekista yule hakuwa mgeni aliyekaribishwa katika parokia yetu. Alikuwa mwana wa nyumba, na sisi tulimweka mlangoni.

Ugomvi huu si mpya. Katika Kanisa la Yerusalemu wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku (Mdo 6:1). Mitume hawakuwaambia wavumilie kwa kuwa wamekuja juzi. Walichagua watu saba wa kushughulikia jambo hilo, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Waliodharauliwa walikabidhiwa uongozi. Naye Petro, nyumbani kwa Kornelio, alilazimika kukiri kwamba Mungu hana upendeleo (Mdo 10:34). Ikiwa mkuu wa Mitume alihitaji kujifunza jambo hilo, sisi tusione haya kuwa wanafunzi.

DAMU NA MAJI

Ukanda wetu umelipa gharama kubwa kwa kulisahau fundisho hili. Tarehe 10 Aprili 1994 Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma, nayo ikalitafakari Kanisa kama Familia ya Mungu. Siku hizo hizo, nchini Rwanda, wabatizwa walikuwa wakiwaua wabatizwa wenzao, mara nyingine ndani ya makanisa yale yale walimopokea Ekaristi. Katika Sinodi hiyo Askofu Albert Obiefuna wa Awka, Nigeria, aliwaonya wenzake kwamba Mwafrika mara nyingi huihesabu damu ya ukoo kuwa nzito kuliko maji ya Ubatizo.

Lakini Mungu hakukosa mashahidi. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alikuwa Mkongo, naye aliwatetea hadharani wakimbizi wa Rwanda waliokuwa jimboni mwake, mpaka alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996. Na alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika Seminari Ndogo ya Buta, jimbo la Bururi, Burundi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa kutengana. Arobaini kati yao wakauawa. Hawa ndio Warundi. Anayesema kwamba Warundi ni watu wa damu na azikumbuke damu za Buta, kisha ajiulize kama yeye mwenyewe angalibaki amemshika mwenzake mkono.

HOJA ZA KWELI

Najua watakaojibu, "Padre, wewe huoni taabu yetu." Ninaiona. Wananchi wa Ngara, Kibondo na Kasulu wamebeba mzigo mzito: misitu imekatwa, ardhi imegombaniwa, na ujambazi umewaumiza watu wasio na hatia. Serikali ina haki na wajibu wa kulinda mipaka na kutekeleza sheria, nasi tunatii. Mhalifu na ashtakiwe, awe mwenyeji au mgeni. Lakini kazi ya Idara ya Uhamiaji si kazi ya jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya haikuwekwa ichunguze asili za watu, wala kosa la mmoja haliwezi kuandikwa katika paji la uso la taifa zima. Mwaka 2013, wakati wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, familia nyingi zilitengana, na wengine walikuwa wamekaa nchini miaka mingi. Yafaa kila mmoja wetu ajiulize alisema nini siku zile kuhusu jirani aliyekuwa akisali naye.

Tena tupime kwa kipimo cha Bwana: tuwatendee wengine kama tupendavyo kutendewa (Mt 7:12). Tunapowasikia vijana wetu wakidharauliwa ughaibuni, au mapadre wetu wakitazamwa kwa mashaka katika parokia za Ulaya kwa sababu ya rangi yao, tunaungua moyo, na ni haki. Lakini wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwamini anayejiona mdogo mbele ya Mzungu na mkubwa mbele ya Mrundi amekosea mara mbili. Katika meza ya Bwana hakuna kiti cha juu cha Roma wala kigoda cha chini cha Muyinga.

TUFANYE NINI?

Kwanza, viongozi wa walei wachaguliwe kwa imani, mwenendo na bidii yao, na msimamizi wa uchaguzi asikubali hoja ya asili ya mtu kutajwa. Pili, wazazi wasitumie neno "Mrundi" au "mkimbizi" kama tusi mbele ya watoto, kwa maana watoto hulibeba hadi darasani la katekisimu. Tatu, Dominika ya mwisho ya mwezi Septemba, ambayo ni Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani, isipite kimya. Jumuiya iwaalike ndugu hawa wasome, waimbe na watoe ushuhuda, si wakae nyuma kama watazamaji. Na nne, sisi mapadre tusinyamaze. Amani inayolindwa kwa kumwacha mnyonge aaibishwe si amani ya Kristo. Hilo nimejifunza kwa kuchelewa, na ninyi ni mashahidi wangu.

Kristo ndiye amani yetu, aliyekibomoa kiambaza cha kututenga (Efe 2:14). Tusikijenge tena kwa mikono ile ile tunayoinyosha kupokea Mwili wake.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayeitwa "mgeni" ingawa amekaa nasi miaka mingi? Je, amewahi kupewa wajibu wowote?
2. Ni maneno gani tunayoyatumia juu ya watu wa nchi jirani ambayo tusingethubutu kuyasema mbele ya Yesu?
3. Je, yupo mtu ambaye jumuiya yetu inapaswa kumwomba msamaha? Nani atakwenda, na lini?