Ukichoka, usiuruke ukuta

Mpenzi msomaji, huenda nyumbani kwako mna kijana asiyetaka kupita langoni maadamu kuna ukuta wa kuruka. Ngazi hazishuki kama watu wengine, anaruka vidato vitano kwa mpigo. Ukimgombeza, anakujibu kwamba huo ni mchezo, tena una jina: parkuri. Usimkasirikie, maana hakudanganyi.

Mchezo huu ulikulia Ufaransa, katika mitaa ya Lisses na Évry, kusini mwa jiji la Paris. Mmoja wa waanzilishi wake ni David Belle, aliyefuata nyayo za babake, Raymond Belle, mwanajeshi aliyekuja kuwa mzimamoto. Mnamo 1997 vijana wa huko waliunda kundi wakaliita Yamakasi. Wewe mpenzi wa muziki wa Kongo utalitambua neno hilo mara moja. Ni Kilingala, na maana yake ni mambo ya nguvu.

Basi tuizungumzie hiyo nguvu, kwani wengi wetu huielewa vibaya. Tunadhani imo misulini tu, kama maji mtungini: yakiisha, unaacha. La hasha! Msuli haufanyi lolote mpaka upate amri ya ubongo kupitia neva. Ili uruke kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, misuli mingi sharti iitikie kwa zamu, kila mmoja kwa wakati wake, mfano wa wapiga ngoma wa kundi moja.

Uchovu huwavuruga wapiga ngoma hao. Paja lililochoka hujikaza polepole na kwa nguvu pungufu, nao ubongo hupunguza amri zake. Hata ile hisia inayokujulisha, bila kutazama, goti lako limekunjika kiasi gani, hupungua makali. Matokeo yake ni kwamba mguu uliolenga ukingo wa ukuta unaukosa kwa inchi mbili. Katika kandanda, kosa la inchi mbili ni pasi mbovu. Juu ya ukuta, ni mfupa uliovunjika.

Nawe mwanafunzi, usidhani uchovu ni wa miguu pekee. Mtaalamu wa Italia, Angelo Mosso, aliandika kitabu kuhusu uchovu mnamo 1891. Alikuwa na chombo cha kupima jinsi kidole kinavyovuta uzani tena na tena hadi kishindwe. Aligundua kwamba wenzake waliotoka kutahini wanafunzi kwa muda mrefu walichoka kidole upesi kuliko kawaida, ingawa kidole chenyewe hakikuwa kimefanya kazi yoyote. Kwa hivyo, ukikesha na vitabu, asubuhi yake si wakati wa kujaribu ruko jipya.

Sasa tuje kwa maumivu, nayo ni ya aina mbili. Kuna yale yanayokuja siku moja hadi tatu baada ya mazoezi makali, hasa ya kutua, kwa sababu wakati wa kutua msuli hunyoshwa huku ukifunga breki. Haya huisha yenyewe. Hata hivyo, kwa siku hizo nguvu zako zimepungua, hata ukijikaza kiume.

Aina ya pili ni ya kwenye kiungo: goti au kifundo kinachochoma, kinachovimba au kisichoweza kubeba uzito. Goti likivimba, mwili wenyewe huyazuia mapaja yasikaze vilivyo, ingawa misuli ni mizima. Ujasiri hauwezi kuishinda amri hiyo. Kumeza dawa ya kutuliza maumivu ili uendelee kuruka ni sawa na kunyamazisha mbwa ilhali mwizi yumo nyumbani. Acha mazoezi, umwone daktari.

Ufanye nini basi? Kwanza, pasha mwili moto, kisha fanya maruko magumu mapema, ungali na nguvu. Mwisho wa mazoezi uwe wa mambo ya chini, kama kutembea juu ya ukingo wa barabara isiyo na magari. Pili, tumia masikio. Anayetua vizuri hukunja magoti na hasikiki sana. Ukianza kutua kwa kishindo, miguu yako inakuambia imechoka. Usitafute ruko la mwisho, kwani hilo ndilo la hatari. Tatu, lala vya kutosha na uwe na siku za kupumzika.

Nanyi wazazi, msiridhike na kumwuliza kijana kama amechoka. Mbele ya marafiki zake atasema hajachoka, na huenda anaamini hivyo, kwa maana aliyechoka mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Sikilizeni anavyotua. Mkisikia kishindo, mwambieni arudi nyumbani, hata akinuna. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ukuta hauendi popote, msomaji wangu. Kesho utaukuta palepale, nawe utakuwa na miguu ya kuurukia. Kawia ufike.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia juma jema.