Makaburi Madogo Yasiyoulizwa



Katika parokia moja tuliyopata kuitumikia, tulifungua siku moja daftari la wafu kwa nia ya kuhesabu watoto waliozikwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kazi hiyo haikutuchukua hata saa moja. Walioandikwa walikuwa wachache mno, nasi tulikumbuka vema kwamba makaburi madogo tuliyoyaona migombani, nyuma ya nyumba za waamini wetu, yalikuwa mengi kuliko mistari ya daftari lile. Mahali pa sababu ya kifo pameandikwa "homa", au "ghafla", au hapakuandikwa neno. Mtoto ambaye hakuwahi kubatizwa hakuandikwa kabisa. Tuliona haya, kwa maana daftari hilo lilikuwa letu sisi wenyewe, wala si la serikali.

Twajua kwamba watoto wachanga wengi wanaokufa nchini Tanzania hufa kwa maradhi, kwa kuzaliwa kabla ya wakati, au kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Uchunguzi wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 33 hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na kati ya hao 24 hufariki katika mwezi wa kwanza. Basi je, twataka kumgeuza kila mama mfiwa kuwa mtuhumiwa? La hasha! Msiba wake ni msiba wetu. Lakini yatupasa kukumbuka jinsi hesabu hizo zinavyopatikana: akina mama huulizwa habari za watoto waliowazaa. Mama aliyejifungua kwa siri, akamwacha mtoto jalalani au chooni, hatamtaja.

Vivyo hivyo, mwaka 2009 ulifanyika nchini mwetu utafiti mkubwa wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, nao ulisifiwa kwa haki. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24, wakiulizwa mambo yaliyowapata utotoni. Utafiti huo ulitufumbua macho. Hata hivyo, waliojibu ni wale waliopona. Mtoto aliyeuawa na ukatili huo kabla hajajua kusema hakuwa na wa kumjibia.

Tunapozungumzia vifo hivi, hatuna budi kupambanua, kwa kuwa si vyote vya namna moja. Kuna mtoto anayeachwa afe siku ile ile aliyozaliwa. Kuna mtoto wa miezi michache anayepigwa au kutikiswa kwa hasira kwa sababu analia usiku kucha. Na kumtikisa mtoto kwa nguvu kwaweza kumjeruhi ubongo bila kuacha alama hata moja mwilini. Tena kuna mtoto anayekufa polepole: anaachwa kutwa nzima na dada yake wa miaka saba, ananyweshwa dawa ya kikohozi ili alale mama apate kwenda gengeni, anaharisha siku nne bila kupelekwa zahanati. Aina hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, maana uzembe na umaskini hukaa nyumba moja, na mtu wa mbali hawezi kuwatenganisha. Ndiyo sababu twasema kwamba kuandika peke yake hakutoshi, sharti tuelewe.

Wala tusidhani kwamba upofu huu ni wa Waafrika. Huko Marekani, mwaka 1946, daktari John Caffey aliandika habari za watoto wachanga sita waliokuwa na damu iliyovia juu ya ubongo, na pamoja nayo mifupa ya mikono na miguu iliyovunjika, bila yeyote kueleza ilivunjikaje. Ilipita miaka 16 kabla ya daktari Henry Kempe na wenzake kutamka waziwazi, mwaka 1962, kwamba watoto wa namna hiyo wamepigwa na watu wanaowalea. Picha za mifupa zilikuwapo muda wote huo. Kilichokosekana ni moyo wa kuamini kile ambacho macho yaliona. Mwaka 1978, katika wilaya ya Los Angeles, madaktari, polisi na maofisa ustawi wa jamii walianza kuketi meza moja na kupitia kifo cha mtoto mmoja mmoja, kila mtu akileta kipande alicho nacho.

Afrika nayo imeonyesha njia. Watafiti wa Afrika Kusini walipitia kumbukumbu za mochwari na za polisi za mwaka 2009, wakakadiria kwamba watoto 454 walio chini ya miaka mitano waliuawa nchini humo katika mwaka huo mmoja. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wametimiza hata mwezi mmoja. Mwaka 2014 nchi hiyo ilianza kujaribu, katika miji ya Cape Town na Durban, utaratibu ule wa kuketi pamoja. Nasi twauliza: kama jirani zetu wameweza, sisi tunangoja nini?

Hapa twaomba kusimulia jambo moja. Katika kuwahudumia wafungwa tulimkuta mahabusu msichana aliyekuwa mtumishi wa nyumbani mjini. Alijifungua usiku, peke yake, na mtoto akakutwa amekufa. Tulimsikiliza, kisha tukawasikiliza na watu wengine waliomfahamu. Mama mwenye nyumba aliona tumbo, akanyamaza. Jirani aliliona pia. Mwenye duka aliulizwa na msichana huyo dawa ya kutoa mimba, akacheka. Shangazi aliletewa habari, akajibu kwamba asirudi kijijini na aibu hiyo. Mwanamume aliyempa mimba alijua kabla ya wote. Tulihesabu watu watano waliojua, na kila mmoja wao alitamka neno lile lile: "Nilijua." Lakini jalada la polisi lilikuwa na jina moja tu.

Hatusemi kwamba uhai wa yule mtoto ni kitu kidogo. Hata kidogo! Kanisa limefundisha daima kwamba kumwua mtoto mchanga ni dhambi ya kutisha. Lakini hata sheria ya nchi ina macho ya huruma kuliko vinywa vyetu: kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu chatambua kwamba mama aliyemwua mwanawe wa chini ya miezi kumi na miwili, akili yake ikiwa imevurugika kwa sababu ya uzazi, hahesabiwi kuwa ametenda kosa la mauaji ya kukusudia. Je, ni haki sheria ikumbuke hali ya mama, nasi waamini tusahau hata kumwuliza baba yuko wapi?

Basi, twafanye nini? Kwanza, kila parokia iandike katika daftari lake kifo cha kila mtoto kinacholetwa kwetu, awe amebatizwa au la: jina kama analo, umri, mahali, na yale waliyoyasema wafiwa. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawasaidie wafiwa pia kuandikisha kifo hicho serikalini.

Pili, tukienda kuhani, tuulize kwa upole. Aliugua lini? Alikuwa na nani? Kadi ya kliniki yasemaje? Maswali hayo, yakiulizwa na mtu aliyekuja kulia pamoja na wafiwa, si matusi. Ni heshima kwa marehemu.

Tatu, tusifiche. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka za serikali za mitaa. Kuna ofisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto kituoni polisi, na kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizowekwa na mpango wa taifa wa mwaka 2017 hadi ngazi ya kijiji. Siri ya kitubio haiguswi kamwe. Lakini tuliyoyaona barabarani na kuyasikia kisimani si siri ya kitubio.

Nne, na hili ndilo kubwa, twende kabla ya kaburi. Tangu Novemba 2021 msichana aliyepata mimba aruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Je, anaruhusiwa pia kurudi katika jumuiya yake na kwaya yake? Tunapomtangaza hadharani na kumnyamazia mwanamume aliyehusika, twamfundisha msichana anayefuata kwamba ni heri kuficha.

Mungu alipomwuliza Kaini habari za ndugu yake, Kaini alijifanya hajui. Watu watano tuliowahesabu walijua, na hakuna aliyewauliza hadi mtoto alipokwisha kufa. Kila parokia na ianze Jumapili ijayo: mzee mmoja na mama mmoja katika kila jumuiya wapewe daftari na kalamu, wawatembelee wajawazito wote, na kwa namna ya pekee wale ambao hakuna anayewatembelea.