Asilimia Haijitoshelezi

Nilifundisha hesabu kwa miaka ishirini na mitatu, na sura ya asilimia ningeweza kuisomesha hata usingizini. Basi siku moja dada yangu mkubwa aliponijia na tyubu ndogo ya krimu ya uso, akanionyesha maandishi ya 0.05% na kuniuliza kama ni kali, nilimjibu kwa majivuno ya ualimu: "Dada, hii haifiki hata sehemu moja ya mia. Paka tu."

Akapaka, asubuhi na jioni, kwa miezi saba.

Leo ngozi ya mashavu yake ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na vimishipa vyekundu vinaonekana. Alipoacha kupaka, uso uliwaka na kutoka vipele. Aliporudia, ngozi ilizidi kuisha.

Krimu ile ilikuwa ya klobetasoli. Ndugu yake, haidrokotisoni, huuzwa kwa 1% na huhesabiwa kuwa dhaifu. Klobetasoli ya 0.05%, yaani tarakimu iliyo ndogo mara ishirini, imo katika kundi la krimu zenye nguvu kuliko zote za aina hiyo. Kwa kawaida daktari huiandika kwa muda usiozidi wiki mbili mfululizo, na huonya isipakwe usoni. Kosa langu halikuwa la kukokotoa. Nililinganisha namba na namba, nikasahau kulinganisha kitu na kitu. Kijiko cha chumvi na kijiko cha pilipili kichaa ni kipimo kimoja, lakini mla mchuzi anajua tofauti.

Ndiyo maana sivumilii tena kusikia watu barazani wakiwacheka wanawake wa mkorogo. Hodari hao wa kukemea hawajawahi kumwuliza mwenye duka swali hata moja. Ukichanganya gramu 50 za krimu yenye haidrokwinoni 4% na gramu 50 za losheni isiyo nayo, utapata 2%. Mtoto wa shule anaiweza hesabu hiyo. Lakini anayekoroga dukani hupima kwa kijiko, kutoka kwenye makopo yaliyobanduliwa lebo, na zebaki ikiwamo mara nyingi haiandikwi kabisa. Mnunuzi atakokotoa nini hapo?

Nitaambiwa kwamba sheria ipo. Ni kweli, ipo. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi. Umoja wa Ulaya uliiondoa haidrokwinoni katika krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001, na Marekani, iliyoruhusu 2% kuuzwa bila cheti cha daktari, ilifunga mlango huo mwaka 2020. Naziunga mkono sheria hizo. Lakini marufuku humfundisha muuzaji kuficha. Haimfundishi mnunuzi kuuliza. Tena klobetasoli ni dawa halali, yenye kazi yake hospitalini. Balaa huanza inapovuka kaunta bila maelezo.

Saluni nako ni yale yale. Dawa nyingi za kulainisha nywele hutumia sodiamu haidroksaidi, magadi makali yanayoweza kuunguza kichwa. Sheria ya Ulaya inaruhusu isizidi 2% kwa mtu anayejipaka nyumbani, na 4.5% kwa fundi wa saluni. Ni tofauti ya zaidi ya mara mbili, lakini mteja huambiwa tu kwamba hii ni "ya kawaida" na ile ni "kali". Kali kuliko nini? Neno hilo si kipimo.

Nadai mambo matatu, wala si makubwa. Anayeuza ataje jina la kiini cha dawa, ataje kiasi chake, kisha aseme kiasi hicho kina nguvu gani na kinavumilika kwa siku ngapi. Asiyeweza kuyataja asiuze. Nasi walimu tuache kufundisha asilimia kwa faida na hasara za maembe peke yake.

Dada yangu hajanilaumu. Aliniambia, "Mdogo wangu, ulisema unalolijua." La hasha. Nilisema nisilolijua kwa sauti ya mtu anayejua. Wenye maduka hufanya hivyo hivyo kila siku. Tofauti yetu ni kwamba wao hulipwa.