Mambo Hugeuka, Mungu Hageuki

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu wa Kidato cha Nne twalifikiri usiku, taa zikiisha kuzimwa. Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wetu wa mwisho, kisha tutafunga masanduku na kutawanyika. Wengine wataendelea na Kidato cha Tano, wengine watarudi shambani, na wengine hawajui waendako. Je, katika mageuzi hayo tushike nini?

Wazee wetu wa Mabamba wameona mageuzi makubwa kuliko yetu. Nchi hii ya Waha ilitawaliwa na Wadachi, kisha na Wabelgiji mpaka mwaka 1921, kisha na Waingereza mpaka Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Bibi yangu alikuwa msichana mdogo Serikali ilipoamuru, mwaka 1973, watu wote wakae katika vijiji. Wakahama, wakaacha migomba na makaburi ya wazee wao. Bibi asema kwamba siku ya kwanza katika kijiji kipya, kabla ya kuinjika chungu, mama yake alitaja jina la Imana kama alivyolitaja kule walikotoka.

Imana ndilo jina la Mungu kwa Kiha, na ndugu zetu Warundi ng'ambo ya mpaka humwita hivyo hivyo. Walikimbilia kwetu mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, mwaka ambao kambi ya Nduta hapa Kibondo ilifunguliwa upya. Wengi walivuka na mzigo wa kichwani tu, wameacha nyumba na mashamba. Jina hilo hawakuliacha.

Wako wenzangu wasemao, "Kama Mungu hageuki, mbona hazuii mabaya?" Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe baba yangu alipofariki, nilipokuwa Kidato cha Pili. Watu walikuja matangani wakaniambia ni mapenzi ya Mungu, ninyamaze. Nasema kweli, maneno hayo hayakunifariji, yalinikasirisha. Lililonifariji ni kumsikia bibi, alfajiri ya siku iliyofuata mazishi ya mwanawe, akisali saa ile ile ya kila siku, huku analia. Hakujifanya kwamba haumii. Alimwendea yule aliyemzoea. Hapo nikaona kuwa kutogeuka kwa Mungu si ahadi kwamba nyumba yetu haitaguswa. Ni kwamba ikiguswa, tunaye wa kumwendea, naye ni yule yule wa jana.

Katika bweni letu Wakristo husoma Waraka wa Yakobo, sura ya 1, na Waislamu husoma Sura ya Ar-Rahman. Vitabu ni viwili, lakini vyote hufundisha kwamba viumbe hupita na Muumba hubaki.

Hata hivyo, faraja hii isiwe kisingizio cha uvivu. Mwanafunzi asiyefungua daftari tangu Januari, kisha aje kupiga magoti Novemba, anataka kumfanya Mungu mtumishi wake. Mkulima wa kwetu hajui mvua itanyesha siku gani, lakini shamba hulitayarisha mapema. Imani yake yaonekana katika jembe lake.

Basi, wenzangu, tusome kwa bidii, na tutakapoachana tusiogope kupita kiasi. Nanyi wazazi wetu mtakaosoma gazeti hili, nawaomba jambo moja kwa heshima: matokeo yakija mabaya, msitugeuke. Mtoto hujifunza kwamba Mungu hageuki kwanza kwa yule amfunguliaye mlango.

Wasalaam,

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Mabamba, Kibondo