Mabaka juu ya Picha

Huenda nyumbani kwako yuko kijana apataye riziki kwa kamera. Hupiga picha za arusi, za watoto wa Komunyo ya Kwanza, na zile ndogo za vitambulisho. Kisha huzitengeneza kwa kompyuta katika programu iitwayo Photoshop kabla ya kuzipeleka kuchapwa. Siku moja anaikuza picha ya bibi arusi ili auone uso vizuri, mara mraba mweusi unafunika shela. Akisogeza picha, mraba nao unahama. Au mistari ya rangi inapita katikati, au picha yote inatoweka na kuacha weupe mtupu. Hofu yamshika, maana arusi hairudiwi. Ndipo wengine hufuta picha iliyo nzima, na wengine hubeba kompyuta mpaka mjini, wakaambiwa wanunue kifaa kipya.

Mwambie asubiri kwanza. Mara nyingi picha yenyewe haina neno. Kilichokosea ni namna inavyochorwa kiooni. Faili iliyohifadhiwa ni kitu kimoja, na mchoro aonao kiooni ni kitu kingine. Ahifadhi nakala ya JPEG kwa jina jingine, asiguse faili ya asili, aihamishie katika simu na kuitazama huko. Ikiwa shela ni nyeupe, moyo wake utulie.

Sasa mabaka yametoka wapi? Picha ya megapikseli 24 ina nukta milioni 24, na kila unapoikuza au kuisogeza, kioo lazima kichorwe upya. Zamani kazi hiyo ilifanywa na prosesa kuu ya kompyuta. Toleo la Photoshop CS4, lililotoka mwaka 2008, ndilo lililoanza kuikabidhi kadi ya grafiki kazi ya kuonyesha picha. Kadi hiyo hufanya kazi kama watu waliokwenda kulima kwa ujima: wengi kwa pamoja, kila mmoja na ngwe yake. Shamba huisha upesi ajabu. Lakini mmoja asiposikia amri, ngwe yake hubaki pori. Na ndiyo maana baka huwa na pembe nne kama limekatwa kwa rula.

Amri hizo hupitia kwa mkalimani, nayo ni programu ndogo iitwayo draiva. Photoshop ikipata toleo jipya na draiva ikabaki ya miaka iliyopita, mkalimani hukutana na maneno asiyoyajua. Kwa maoni yangu huyu ndiye wa kushukiwa kwanza, kabla ya kifaa chochote.

Basi kijana afungue Edit, kisha Preferences, kisha Performance. Atakuta kisanduku chenye alama, kimeandikwa «Use Graphics Processor». Aondoe alama, aifunge Photoshop na kuifungua tena. Mabaka yakitoweka, mkosaji yuko upande wa kadi au draiva yake. Tena anaweza kuimaliza kazi ya arusi jioni hiyo hiyo, akiiacha kadi imezimwa. Ukuzaji utakuwa mzito kidogo, hataweza kuigeuza karatasi ya kazi kwa pembe kiooni, na baadhi ya vichujio vitakataa. Mwenye arusi hatajua tofauti.

Kazi ikiisha ndipo ashughulikie draiva. Aichukue kwa waliotengeneza kadi, yaani NVIDIA, AMD au Intel, au kwa waliotengeneza laptopu yenyewe. Asitegemee ile iletwayo na Windows peke yake, kwani huweza kuchelewa. Faili hizi ni nzito, mara nyingi mamia ya megabaiti, kwa hiyo atazame bando lake kabla ya kuanza. Lakini kama mabaka yalianza mara tu baada ya draiva mpya kuingia, afanye kinyume: katika Device Manager airudishe ile ya zamani. Kisha arudishe alama katika kisanduku na kujaribu.

Laptopu nyingine zina kadi mbili, moja dhaifu ya kutunza betri na moja yenye nguvu, na Photoshop ikaangukia ile dhaifu. Katika Windows 10 na 11, jambo hili hurekebishwa ndani ya Settings, System, Display, Graphics; hapo aichagulie Photoshop kadi yenye nguvu. Yote yakishindikana, ashikilie Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja mara anapoifungua Photoshop, akubali kufuta mipangilio. Kila alichokuwa amejipangia mwenyewe kitarudi kama siku ya kwanza, ndiyo sababu nimeliweka jambo hili mwisho.

Je, ikiwa mabaka yako kila mahali, hata nje ya Photoshop? Abonyeze Print Screen, ahifadhi taswira hiyo na kuitazama kwenye simu. Mabaka yakionekana kwenye simu, kosa liko katika uchoraji. Yasipoonekana, atazame kioo au waya wake. Atazame pia joto. Laptopu iliyowekwa juu ya godoro, na feni imejaa vumbi la barabarani, huchemka mpaka kadi ikakosea hesabu zake.

Kadi huweza kufa kweli, na hapo mabaka huonekana tangu kompyuta inapowashwa, kabla Windows haijafunguka. Katika laptopu nyingi kadi imeungwa kwa risasi na bodi kuu, haichomolewi peke yake, kwa hiyo gharama ni kubwa. Fundi akisema kadi imekufa, kijana amwombe kwa adabu aizime kompyuta na kuiwasha tena mbele yake, wayatazame mabaka hayo pamoja kabla ya kutoa hata shilingi.