Nataka Kustaafu Nikiwa na Miaka 40, na Nimeanzia Nyansiongo

Najua mnachofikiri. Jamaa ana miaka 22, aliacha chuo mwaka wa pili, analala kwa esaiga nyuma ya nyumba ya mamake, halafu leo anataka kutuambia mambo ya kustaafu. Astaafu kutoka kazi gani?

Cheka kwanza. Ukimaliza, toa simu tupige hesabu.

Mwaka 1994 mshauri wa fedha Mmarekani anayeitwa William Bengen alipitia rekodi za miaka mingi za hisa na bondi za nchi yake. Akaona hivi: mtu akistaafu, atoe kama 4% ya akiba yake mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka aongeze kidogo kadiri bei za vitu zinavyopanda, pesa ingemtosha angalau miaka 30. Geuza hiyo hesabu utapata kwamba unahitaji akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka mzima. Ni makadirio tu, na Kenya si Marekani, lakini inakuonyesha mlima una urefu gani.

Sasa chukua wasee wawili, wote wana miaka 22. Tuseme pesa zao zinazaa 4% kwa mwaka juu ya kupanda kwa bei.

Wa kwanza yuko Nairobi. Anapata 25,000 kwa mwezi, anatumia 20,000, anaweka 5,000. Matumizi yake ya mwaka ni 240,000, kwa hivyo lengo lake ni milioni 6. Atafika baada ya miaka 41. Yaani akiwa na miaka 63! Serikali inastaafisha wafanyakazi wake wakiwa na 60. Sasa huyu anastaafu mapema kumshinda nani?

Wa pili yuko huku kwetu. Anapata 20,000, pesa kidogo kuliko mwenzake. Lakini anatumia 10,000 na anaweka 10,000. Lengo lake ni milioni 3, na atafika baada ya karibu miaka 18. Atakuwa na miaka 40.

Soma hapo tena. Mwenye mshahara mdogo amemtangulia mwenzake kwa zaidi ya miaka 20. Ukipunguza matumizi, unaweka pesa zaidi na pia lengo lenyewe linashuka.

Utaniuliza, nani anaishi na 10,000? Mimi. Unga na chakula kingine 3,000, kwa sababu mboga na maziwa viko nyumbani. Bando na stima 2,500, hiyo ndiyo ofisi yangu. Mama 2,000. Usafiri 1,200. SHA 300. Sabuni, kinyozi na michango 1,000. Kodi ya nyumba, sufuri. Sina mtoto bado, na siku nitakapokuwa naye hizi namba zitabadilika. Sijifanyi hazitabadilika. Ndiyo maana naweka sasa.

Lakini matumizi yangu makubwa kuliko yote hayako kwa hiyo orodha. Yanaitwa aibu.

Nilipoacha chuo sikurudi nyumbani. Nilikaa Nairobi miezi 7 kwa keja ya 7,000, bila kazi ya maana, kwa sababu huku watu walijua niko darasani. Ningewaambia nini? Kila mara mama akipiga simu nilikuwa "naenda leksha". Kodi peke yake ilinila 49,000. Baadaye nikajua kwamba kiasi cha chini cha kununua bondi ya kawaida ya serikali kupitia Benki Kuu ni 50,000. Maze, niliketi chini. Aibu ilikuwa imekula bondi yangu ya kwanza, imebakisha elfu moja.

Siku niliyorudi, gari likipita Sotik nilivuta kofia hadi kwa macho. Nilidhani kijiji kizima kitasimama kunitazama. Watu walinitazama wiki mbili hivi, halafu wakarudi kwa majani yao ya chai. Wiki mbili tu, na mimi nilikuwa nimelipa miezi saba kuzikwepa.

Kuna mtu anasema, huku tuna mashamba, stafu ya nini? Haya. Sokoro alipata shamba hapa miaka ya 1960, ardhi ya walowezi ilipogawanywa kuwa makazi ya wananchi. Akapanda chai. Mchai unautunza kama miaka 3 kabla uanze kuchuma vizuri, lakini baada ya hapo unakulipa kwa miongo. Malipo ya kilo kila mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka. Hiyo ilikuwa pensheni yake, na alikufa bila kuomba mtu pesa. Lakini alikuwa na wana sita. Baba alipata kipande, na mimi na ndugu zangu tukigawana hicho kipande, kila mtu ataondoka na mistari ya kuhesabu kwa vidole. Ile pensheni imegawanywa hadi imeisha.

Mama ana miaka 58. Asubuhi ya leo, nikiandika hii, yuko shambani na kikapu mgongoni, na mgongo wenyewe unauma tangu mwaka jana. Hana tarehe ya kustaafu. Tarehe yake ni mimi. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu alinipa alichokuwa nacho. Ila sitaki mtoto wangu aje kuwa tarehe yangu.

Hiyo ndiyo maana ya kustaafu kwangu. Sina mpango wa kulala mchana nikifika 40, video nitaendelea kutengeneza. Juzi kampuni moja ya kubeti ilinipa ofa ya 15,000 niwatangaze kwenu. Nilikataa, kwa sababu gharama za mwezi zilikuwa zimeshalipwa. Ningekuwa na keja ya Nairobi, leo mngekuwa mnaniona nikiwauzia odi.

Kwa hivyo anza na chochote. NSSF wana mpango wa Haba Haba kwa sisi tusio na payslipu, 25 kwa siku. Kuna chama, kuna sako. Usisubiri mshahara mkubwa. Na kama uko mjini unalipa kodi ili tu watu wa nyumbani wasijue umekwama, piga simu leo. Mwambie mama ukweli.

Wangu alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama nimekula.