Mgodi ukifungwa, mlinzi wa zahanati atalipwa na nani?

JICHO LA KANDA YA ZIWA
Na Shija Maganga

Tuchukue wakia moja ya dhahabu iliyotoka Geita, na ili hesabu iwe nyepesi tuseme imeuzwa dola 3,000. Mrabaha ni asilimia 6, yaani dola 180, na unakwenda serikali kuu. Ada ya ukaguzi ni asilimia 1, dola 30, nayo inafuata njia hiyo hiyo. Ushuru wa huduma, ule unaolipwa halmashauri, tuuhesabu kwa asilimia 0.3. Hapo tunapata dola 9. Kodi ya mapato ya kampuni sijaigusa, maana nayo haiishii Geita.

Dola tisa, lakini msizicheke. Mgodi wa Geita, GGM, unatoa karibu wakia nusu milioni kwa mwaka, kwa hiyo kwa bei hiyo tunazungumzia zaidi ya dola milioni 4. Mgodi ulipoanza mwaka 2000, na kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, ulikuwa unalipa dola 200,000 tu kwa mwaka, dhahabu ipande au ishuke, kwa sababu mkataba na serikali uliandikwa hivyo. Mgodi wa Bulyanhulu nao ulikuwa vivyo hivyo. Waliokuwa madiwani enzi hizo wanajua walivyopigizana kelele na wakubwa hadi asilimia 0.3 ikaanza kulipwa.

Juu ya ushuru huo kuna fedha za uwajibikaji kwa jamii. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2017, mpango wake ni lazima ukubaliwe na halmashauri. Zimejenga madarasa, zimejenga vituo vya afya, zimejenga hata uwanja wa mpira wa Magogo. (Geita Gold ilimaliza ya nne Ligi Kuu msimu wa 2021/22, na miaka miwili baadaye ikashuka daraja. Uwanja haushuki daraja, lakini nyasi zake zinataka maji kila siku.)

Tangu sakata la makinikia (mchanga wenye dhahabu) mwaka 2017, mjadala wetu umekuwa mmoja tu: tunapata kiasi gani. Tunabakiza kiasi gani, hilo halina mwenyewe. Diwani ana miaka mitano, mkurugenzi anaweza kuhamishwa kesho asubuhi, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Katika mazingira hayo, nani atasimama kwenye baraza aseme fedha hizi tusizitumie?

Wanaodhani mgodi ni wa milele waende Kahama. Buzwagi ilianza kuzalisha mwaka 2009, na mwaka 2021 uchimbaji ukakoma. Miaka kumi na miwili tu. Mtoto aliyezaliwa siku ya uzinduzi alikuwa bado hajamaliza darasa la saba. Kahama haikufa, kwa sababu ina mpunga, ina biashara na ina wachimbaji wadogo wa Mwime, na eneo la mgodi sasa limetengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Lakini ushuru wa huduma wa Buzwagi haukutuachia mfuko wowote unaoitwa wa Buzwagi. Mwadui ni hadithi ndefu zaidi. Almasi iligunduliwa pale mwaka 1940, na baada ya miaka zaidi ya themanini wilaya ya Kishapu bado inasubiri fedha za Dodoma kama wilaya nyingine yoyote.

Hapo ndipo kuna kichekesho. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi, likaanzisha mfuko wake. Kiwanda cha kusindika gesi ya Lindi kilikuwa bado ni ndoto, lakini sanduku lake la akiba likawa tayari kisheria. Dhahabu, inayotoka ardhini kila siku, haina. Ni kweli kwamba tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kuuzwa Benki Kuu. Ni hatua nzuri, ila ile ni akiba ya taifa, ya kulinda shilingi. Mtu wa machimboni, Nyarugusu au Kakola, hana dai juu yake.

Nitaambiwa: watoto wanakaa chini, wewe unazungumzia akiba? Ni hoja nzito, na sehemu yake naikubali. Darasa nalo ni akiba. Ila kila boma linalokamilishwa linazaa bili: mlinzi, umeme, bati lililong'olewa na upepo, dizeli ya gari la wagonjwa. Mshahara wa mwalimu na wa mganga unatoka Hazina. Gharama hizi ndogo ndogo zinaangukia mapato ya ndani, na katika halmashauri zetu mapato ya ndani ni mgodi.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamejaribu kutenga. Katika sheria yao ya madini ya 2018, mrabaha unagawanywa: asilimia 25 jimboni, 15 kwenye serikali ya eneo la mgodi, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Utekelezaji ni jambo jingine, lakini angalau Mkongo wa Kolwezi anajua cha kudai.

Nasi tuna mazoea ya kutenga. Kila halmashauri inalazimika kutoa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) kufichua fedha zisizorejeshwa, kabla ya kuanza tena kwa utaratibu mpya. Ndiyo maana akiba ninayoitaka isikae mikononi mwa halmashauri. Iandikwe kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ikae Benki Kuu kwa jina la halmashauri husika, na kinachotumika kiwe faida yake tu, kwa matengenezo, hadi mgodi utakapofungwa.

Ubishi mkubwa utakuwa kwenye bei ya wakia ambayo ikizidi ndipo tuanze kutenga. Mimi ningesema dola 2,000. Mwishoni mwa 2015 wakia ilishuka chini ya 1,100 na GGM iliendelea kuchimba. Ushuru unaotokana na kinachozidi 2,000 ni bahati ya soko, hakuna diwani aliyeutolea jasho, na nusu yake ingeweza kwenda akiba bila kata yoyote kukosa darasa lililokwisha kuahidiwa.